Matandazo leo, nyasi msimu ujao: kulinda udongo wa mteremko

Mteremko mtupu huanza kupoteza udongo tangu tone la kwanza, kabla hata maji hayajaanza kutiririka. Tone kubwa la mvua lina kipenyo cha milimita 5 hivi, na linapofika chini huwa na mwendo wa mita 9 kwa sekunde, zaidi ya kilomita 30 kwa saa. Likipiga udongo usiofunikwa, huvunja mabonge na kurusha chembe hadi sentimita 60 juu na mita moja na nusu pembeni. Kwenye tambarare chembe hizo husambaa pande zote sawasawa. Kwenye mteremko, zinazorushwa kuelekea chini hutua mbali kuliko zinazorushwa kuelekea juu, kwa hiyo kila tone huusukuma udongo kidogo bondeni. Ukiona matope yamerukia sehemu ya chini ya ukuta au mgongo wa majani ya maharage, kazi hiyo imeshaanza.

Baada ya hapo chembe laini kabisa huziba vitundu vya udongo. Juu hujitokeza ngozi nyembamba ambayo ikikauka hupasuka vigae vigae. Maji hayazami tena, hukusanyika na kushuka: kwanza kama utando mwembamba usioonekana, kisha vijifereji vya upana wa kidole, mwishowe korongo. Watu wengi hushtuka wakiona korongo, ilhali hasara kubwa ilishatokea kimyakimya. Milimita moja ya udongo haionekani kwa macho, lakini kwenye hekta moja ni mita za ujazo 10, kiasi cha tani 13. Na ndiyo milimita yenye mboji na mbolea uliyoinunua.

Basi kuna kazi mbili hapa. Ya kwanza ni kuzuia tone lisiugonge udongo. Ya pili ni kuyapunguza kasi maji yanayotiririka, kwa sababu maji yale yale yakienda kasi maradufu, nguvu yake huwa mara nne. Matandazo, yaani majani na mabua makavu yanayofunika udongo, hufanya kazi ya kwanza vizuri sana tangu saa ile unapoyatandaza, na ya pili kwa kiasi. Nyasi hufanya zote mbili na kuongeza mizizi inayofuma udongo, ila zinahitaji miezi. Anayepanda nyasi bila kutandaza huona mbegu na vipando vyake vikisombwa na mvua ya pili. Anayetandaza bila kupanda huona majani yameoza msimu ujao na mteremko umerudi ulivyokuwa. Matandazo yapewe kazi ya kulinda mpaka nyasi zikomae, kisha nyasi zipokee zamu.

Kwanza zuia maji yanayotoka juu

Kabla ya kukata hata mzigo mmoja wa majani, simama juu ya mteremko wakati mvua inanyesha, au mara tu inapokatika, uangalie maji yanaingilia wapi. Mvua inayodondoka kwenye mteremko wenyewe matandazo yanaiweza. Maji ya paa, ya barabara au ya shamba la juu yanayoingia kwa mkondo mmoja hayawezekani kwa matandazo. Yatayainua, yatayabeba, na utayakuta yamerundikana chini kama takataka. Milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1, kwa hiyo paa la mita za mraba 100 likipigwa na mvua ya milimita 40 humwaga lita 4,000 mahali pamoja.

Dawa yake ni mfereji wa kukinga maji juu ya eneo unalotaka kulinda. Uchimbe ukikata mteremko, na uuinamishe kidogo tu: nusu mita hadi mita moja kwa kila mita 100 za urefu. Ukiinama zaidi, mfereji wenyewe hugeuka korongo. Ukikosa mwinamo, maji hutuama na kufurika mahali usipopatarajia, mara nyingi kwenye sehemu dhaifu ya ukingo. Mdomo wake uishie penye majani mengi au mawe, wala usielekezwe kwa jirani wa chini. Hili la jirani nalisisitiza, kwa sababu wengi huita hifadhi kitu ambacho kwa kweli ni kumhamishia mwingine korongo.

Kupima mteremko na kupata kontua

Kontua, yaani mstari unaokatiza mteremko bila kupanda wala kushuka, isikadiriwe kwa macho. Jicho hudanganywa na miti iliyoinama na mistari ya mashamba ya jirani, na mstari wa nyasi uliopinda kwenda chini hukusanya maji badala ya kuyazuia.

Mwinamo hupimwa kwa ufito mnyoofu wa mita 2. Weka ncha moja juu ya ardhi upande wa mlimani, inua ncha ya pili mpaka pima maji ionyeshe ufito umelala sawa, kisha pima kutoka ncha hiyo kwenda chini. Ukipata sentimita 40, mwinamo ni asilimia 20. Rudia sehemu tatu au nne, maana miteremko mingi hubadilika katikati.

Kontua hupatikana kwa fremu ya A: fito mbili za mita 2 zilizofungwa pamoja juu, kijiti cha kuunganisha katikati, na kamba yenye jiwe inayoning'inia kutoka kileleni kama timazi. Isimamishe, weka alama chini ya kila mguu, kisha chora mahali kamba inapogusa kile kijiti. Igeuze ili miguu ibadilishane nafasi kwenye alama zilezile, chora tena. Katikati ya michoro hiyo miwili ndipo usawa ulipo. Wengi huruka hatua ya kugeuza, na fremu ambayo haijasawazishwa hivyo itakupa mstari unaoshuka polepole bila wewe kujua. Baada ya hapo tembeza fremu mguu kwa mguu, ukichomeka kigingi kila kamba inapotulia kwenye alama ya usawa. Ukimaliza, rudi nyuma uangalie mstari kwa mbali na usogeze vigingi viwili vitatu vilivyojitenga, ili mstari uwe laini na rahisi kulima.

Matandazo: kiasi, namna, na yanayoharibika

Kiasi cha chini ninachokubali kwenye mteremko ni nusu kilo ya majani makavu kwa mita moja ya mraba, sawa na tani 5 kwa hekta. Kipande cha mita 10 kwa 20 kitahitaji kilo 100. Ukitaka pia kuzuia magugu na kuhifadhi unyevu kiangazi chote, ongeza hadi kilo moja au moja na nusu. Nashauri kupima kwa uzito mara ya kwanza, kwa sababu majani yaliyochambuliwa vizuri hufanana na mengi yakiwa machache, na mvua moja tu huyabonyeza.

Kinacholinda udongo hasa ni ule uenezi, unene hufuata nyuma. Hata kufunika asilimia 30 tu ya ardhi hupunguza upotevu wa udongo kwa nusu au zaidi, na ukifika asilimia 70 sehemu kubwa ya kazi imekamilika. Kupima uenezi ni rahisi: chukua kamba ya mita 10, itie fundo kila sentimita 10 upate mafundo 100. Itandaze kimshazari juu ya shamba na uhesabu mafundo yaliyokaa juu ya jani, bua au mmea hai. Idadi hiyo ndiyo asilimia yako. Fanya sehemu tatu, chukua wastani. Ukiwa na majani machache, ni heri uyasambaze membamba kila mahali kuliko kurundika nusu ya shamba na kuacha nusu ya pili mtupu, kwa sababu ile nusu tupu itaanzisha vijifereji vitakavyoingia chini ya nusu iliyofunikwa.

Si kila takataka inafaa kwa mteremko. Majani marefu, mabua ya mahindi na mpunga hushikana na kukaa. Majani makavu ya mgomba hulala vizuri na kugusana na udongo. Vibanzi vya mbao huelea mkondo ukipita, na pumba za mpunga hupeperushwa na upepo kabla mvua haijafika; hivyo viwili naviacha kwa bustani tambarare. Maranda laini ya mbao hushikamana yakawa kama paa, na maji hupita juu. Tena yakichanganywa na udongo kwa jembe, vijidudu vinavyoyaozesha hunyang'anya mimea naitrojeni na majani ya mazao huwa ya njano. Yakibaki juu tu, tatizo hilo huishia kwenye tabaka jembamba la juu ya udongo na mimea mikubwa haisumbuki.

Namna ya kutandaza ina uzito kuliko aina ya majani. Anza chini ya mteremko uende juu, ukilaza majani na mabua yakikatiza mteremko, kila safu ikiikalia kidogo iliyo chini yake. Mabua yakielekea chini huwa mifereji. Maji hufuata kando ya kila bua. Kisha kanyaga au bonyeza kwa reki ili majani yaguse udongo. Mahali yanapobaki yameinuka kama hema, maji hupita chini yake bila kuonekana, na utagundua baada ya mwezi kwamba chini ya matandazo mazuri kuna vijifereji vilivyochongwa. Kabla ya kutandaza, sawazisha vijifereji vilivyopo. Usivifunike tu.

Mwinamo ukizidi asilimia 30 hivi, majani yaliyolala tu hayatakaa. Kila baada ya mita 2 hadi 3 weka mstari wa mabua mazito au matawi kwenye kontua, upana wa sentimita 30 hadi 50, ukishikiliwa na vigingi vilivyopigwa upande wa chini. Au funga kamba ya katani kutoka kigingi hadi kigingi kwa mshazari juu ya majani. Kwenye kingo kali za barabara au nyumba hutumika mikeka ya makumbi ya nazi au ya juti. Ncha ya juu ya mkeka izikwe kwenye kijifereji cha sentimita 15 na kushindiliwa, na mkeka wa juu uukalie wa chini, kamwe si kinyume chake. Mikeka mingi inayoshindwa huwa imeshindwa pale juu, kwa sababu ncha haikuzikwa na maji yakaingia chini.

Mambo mengine ya kuangalia, kwa haraka. Kata majani kabla hayajatoa mbegu, la sivyo unapanda magugu kwa mikono yako. Majani yanayotambaa kama ukoka yakaushwe juani mpaka yafe kabisa kabla ya kuyatandaza, kwa kuwa kila kifundo kibichi hutoa mzizi. Usichukue majani kwenye shamba lililopuliziwa dawa ya kuua magugu ya majani mapana. Baadhi ya dawa hizo hubaki ndani ya majani makavu na kudumaza maharage na nyanya. Mabua ya mahindi yaliyoshambuliwa na viwavi vya kutoboa shina yasirudishwe kwenye mahindi. Acha sentimita 10 wazi kuzunguka shina la kila mche, ili usioze na mchwa wasipate daraja. Kiangazi matandazo ni kuni, hivyo acha ukanda wa mita 2 bila majani upande wa njia na jikoni. Na usilichune bonde jingine likabaki uchi ili kulifunika lako: ukikata majani mahali, acha mashina ya sentimita 10 au zaidi yachipue.

Palipo na joto na unyevu, majani laini yanaweza kwisha ndani ya miezi 3 au 4. Majani ya mikunde huisha ndani ya wiki chache tu, mabua manene hudumu. Kuchanganya yote mawili hukupa chakula cha udongo na kinga ya muda mrefu pamoja.

Nyasi: mistari au zulia

Kwenye shamba linalolimwa, nyasi huwekwa kwa mistari kwenye kontua. Kwenye kingo, mabwawa na viunga visivyolimwa, huenezwa kama zulia.

Umbali kati ya mistari hutokana na mwinamo. Chagua kimo cha kushuka kati ya mstari na mstari, kwa kawaida mita 1 hadi 2, kisha ugawe kwa mwinamo. Kwa kimo cha mita 1.5 kwenye mwinamo wa asilimia 20, mistari iachane mita 7.5; kwenye asilimia 10, mita 15; kwenye asilimia 40, pungufu kidogo ya mita 4. Mkulima mwenye shamba dogo huona huko ni kupoteza ardhi. Lakini udongo unaonaswa juu ya kila mstari hujijenga mwaka hadi mwaka mpaka shamba linakuwa ngazi, na ngazi hizo zimejengwa na maji yenyewe bila jasho la kuchimba. Anayetaka haraka zaidi huchimba fanya juu, yaani mtaro ambao udongo wake hutupwa upande wa juu, na kupanda nyasi juu ya tuta hilo.

Kwa mstari wa kuzuia udongo tu, chaguo langu ni vetiva, nyasi inayoota kwa vichaka. Haitambai, aina zinazopandwa kwa hifadhi hazitoi mbegu zinazoota, na mizizi yake hushuka wima mita 3 au zaidi katika mazingira mazuri badala ya kusambaa kwenye mazao. Gawa kichaka kuwa vipando vyenye machipukizi 2 au 3, kata majani yabaki sentimita 20 na mizizi sentimita 5, panda kwa umbali wa sentimita 10 hadi 15. Mita moja itakula vipando 7 hadi 10, hivyo mstari wa mita 50 unahitaji 350 hadi 500. Panda mvua zikishaanza kunyesha kwa uhakika, udongo ukiwa umelowa kwa kina. Weka akiba ya moja ya kumi kwenye mifuko, kwani vitakufa baadhi na pengo lazima lizibwe ndani ya wiki chache za mwanzo. Pengo la upana wa kiganja kwenye mstari mzuri lina madhara kuliko kukosa mstari, kwa sababu maji yote yaliyozuiwa kushoto na kulia hutafuta tundu hilo. Udhaifu wa vetiva ni kivuli: chini ya miti au mahindi marefu yaliyobanana, ikiwa changa hudumaa.

Mwenye mifugo atataka mabingobingo, na ni sawa. Panda pingili zenye vifundo 3, viwili vikiwa ardhini, zimelazwa kwa mshazari. Jua tu kwamba yana njaa na kiu. Mazao ya karibu yatadhoofika kwa upana wa mita moja hivi kila upande, basi uhesabu hasara hiyo na faida ya lishe pamoja. Yakate sentimita 10 hadi 15 juu ya ardhi, na usikate mistari yote siku moja mwanzoni mwa mvua kubwa. Kata mmoja, ruka mmoja. Lishe ibebwe kupelekwa bandani. Kwato za ng'ombe kwenye mteremko uliolowa huvunja kingo ndani ya siku moja.

Kwa zulia, ukoka hufaa penye jua. Katakata vitambaazi vya sentimita 5 hadi 10, uvipande kwenye vijifereji vinavyokatiza mteremko, safu ziachane sentimita 20 hadi 30, theluthi mbili za kila kipande zikiwa ndani ya udongo. Usiupande karibu na shamba la mboga, kwa maana utaung'oa miaka yote. Ukitumia mbegu ndogo za nyasi, zichanganye na mchanga mkavu ili zisambae sawa, zisizikwe zaidi ya sentimita 1, na uzikandamize kwa bapa la jembe. Juu yake matandazo yawe mepesi, sentimita 2 hadi 3 yaliyochambuka, kiasi kwamba ukitazama kutoka juu unaona udongo hapa na pale. Ukizidisha, miche hutoka mirefu, myeupe, na huanguka. Mapande ya nyasi yenye udongo yapangwe kama matofali, maungio yasifuatane kwenda chini, na kwenye mwinamo mkali kila pande lichomwe vigingi viwili.

Pale ambapo nyasi na matandazo havitoshi

Mmomonyoko ni jambo moja, maporomoko ni jingine. Ukiona nyufa zenye umbo la mwezi mchanga juu ya mteremko, miti iliyoinama kuelekea chini, au chemchemi mpya chini ya ukingo, ardhi yenyewe inasogea, na mizizi ya nyasi haifiki inapoteleza. Hapo matandazo yanaweza hata kudhuru, kwa kuwa yanaingiza maji mengi zaidi ardhini na kuongeza uzito. Ondoa maji yanayoingia kwenye nyufa, waondoe watu wanaolala chini ya mteremko huo, na umwite mhandisi.

Kwa mteremko wa kawaida, kazi inayobaki ni kuutembelea baada ya kila mvua kubwa ya msimu wa kwanza, ukitembea kando ya mistari na si juu yake. Angalia mahali majani yamesogea, mahali udongo umelundikana upande wa juu wa nyasi, na mahali tope limepita mstari. Tope lililopita linaonyesha pengo, au kontua iliyoteleza. Fuata alama zake kwenda juu mpaka uone lilikoanzia, ndipo uzibe. Kijifereji cha kina cha kiganja kizibwe siku hiyohiyo kwa mabua yaliyofungwa fungu, yalazwe yakikatiza, yapigiliwe vigingi upande wa chini, udongo ushindiliwe juu yake na kipando kimoja kimoja kichomekwe kila sentimita 10. Vetiva ikifika miezi 3 au 4, ikate ibaki sentimita 30 hadi 50 ili itoe machipukizi ya pembeni na kubanana. Majani utakayokata yalaze palepale juu ya mstari, upande wa mlimani.